Mgeni wa Ghorofa ya Tano

Kila Jumamosi asubuhi kinu kililia katika fleti ya ghorofa ya tano. Nolvia Guity alitwanga ndizi, mbichi na mbivu pamoja, mpaka zikawa donge laini. Kwenye jiko, mchuzi wa samaki ulichemka kwa tui la nazi. Bibi yake, Saturnina, alikaa karibu na dirisha akitoa amri.

"Twanga, mwanangu. Unazibembeleza hizo ndizi?"

"Bibi, nikizidisha, Pearline atapanda."

"Apande. Sahani zipo."

Na kweli alipanda. Pearline Dacosta, Mjamaika wa ghorofa ya nne, kwanza aligonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Kisha akapanda ngazi na bakuli mkononi. Alilalamika mlangoni, akala mezani, halafu akasimulia habari za jengo zima: nani kaachwa, nani kaoa, nani kanunua kochi asiloweza kulipitisha mlangoni. Mtaa huo wa Bronx haukuhitaji gazeti.

Nyumba ya Saturnina haikukaukiwa na watu. Jamaa akitoka Honduras na sanduku lake, anwani aliyopewa ilikuwa ile. Alilala sebuleni mpaka apate kazi na chumba. Akiondoka, godoro halikupoa, mwingine amefika. Lakini wakaazi wenyewe walikuwa watatu: Saturnina, mjukuu wake Nolvia, na Keilin, binti wa Nolvia. Nolvia alihamia pale wakati Keilin bado anatambaa. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na mtu wa kumtunza alihitajika. Mchana Nolvia alihudumia wagonjwa wa watu majumbani kwao. Jioni alimhudumia wa kwake.

Nyumba ile ilikuwa na kanuni moja. Mtu wa mwenye nyumba akiuliza nani anakaa humo, jibu lilikuwa hili: "Anakaa bibi peke yake. Sisi wageni." Saturnina ndiye aliyeiweka kanuni hiyo, zamani, aliposikia kwamba wenye nyumba huhesabu vichwa. Kila aliyekuja kulala sebuleni alifundishwa maneno hayo kabla hajaonyeshwa bafu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama sheria ilikuwa hivyo kweli. Bibi amesema, basi.

Msimamizi wa jengo alikuwa Besnik, Mwalbania mwenye masharubu. Yeye ndiye aliyepanda kutengeneza sinki na bomba. Nolvia alimfungulia mlango amevaa ndala na kitambaa kichwani.

"Bado upo?" Besnik alikuwa akimuuliza.

"Nimekuja kumtazama bibi tu."

"Na mtoto?"

"Mgeni pia."

"Wageni wa siku hizi wanakuja na begi la shule," Besnik alisema, akaingia chini ya sinki.

Saturnina alifariki wakati wa theluji. Nyumba ilijaa mpaka ngazini. Ulipofika usiku wa tisa, wa kumuaga marehemu, ngoma zilipigwa, watu wakacheza, vikombe vya kahawa vikazunguka. Hata Besnik alikuja, akavua kofia, akala mkate wa muhogo kwa heshima, ingawa ulimshinda kutafuna.

Matanga yalipokwisha, karatasi ilibandikwa mlangoni. Mkataba wa kupanga ulikuwa na jina la Saturnina peke yake. Sasa Saturnina hayupo. Waliobaki, mwenye nyumba alidai, ni wageni wa marehemu. Hawana haki ya kukaa. Watoke. Baadaye ukaja wito wa mahakama.

Nolvia alisoma wito ule akiwa amesimama, kisha akaukunja na kuutia kwenye kabati la sahani. Kodi ya fleti ile ilidhibitiwa na sheria. Alijua kwamba akitoka, hatapata nyingine kama ile mtaa mzima. Yeye na Keilin wangeishia kwenye makazi ya wasio na nyumba, pengine upande mwingine wa jiji, na shule ya mtoto ingebadilika. Hakumwambia mtu. Aliona aibu. Watu walikuwa wamekula na kulala kwake miaka yote, leo awaambie yeye ndiye hana pa kulala?

Lakini Keilin alikuwa na mdomo. Siku ya kesi, Pearline alimkuta ngazini akienda shule.

"Mbona umekunja uso, mama?"

"Mama anatafuta maboksi," Keilin alisema. "Leo ameenda mahakamani. Nimeambiwa nisiseme."

"Vizuri. Hujasema," Pearline alisema. Alirudi ndani, akavaa koti lake la kanisani, akatoka.

Ukumbi wa mahakama ya nyumba ulifurika. Watu waliegemea kuta, watoto walilia, majina yaliitwa. Nolvia alikaa ukingoni mwa benchi. Mwanaume mmoja alitokea, suti ya kijivu, amekumbatia rundo la mafaili.

"Guity! Guity!"

Nolvia alisimama upesi. "Mimi hapa."

"Habari za asubuhi. Mimi ni wakili wa mwenye nyumba," mtu yule alisema, kwa haraka, kama anayetaja hali ya hewa. "Twende pale pembeni tuzungumze."

Nolvia alisikia maneno yale vizuri. Lakini katika ukumbi ule, mtu anayeita jina lako kwa sauti, na faili lako analo, huonekana kama ndiye mahakama yenyewe. Alimfuata. Watu wengi huwafuata.

"Wewe ulikuwa mgeni wa marehemu, sivyo?" wakili aliuliza.

"Ndiyo," Nolvia alijibu. Ulimi ulizoea.

"Basi jambo ni dogo. Haya ni makubaliano. Unakubali kuondoka, sisi tunakupa muda mpaka shule zifungwe. Hakuna ugomvi. Weka sahihi hapa, jaji atayapitisha, urudi kazini."

Alikuwa mpole. Alimpa hata kalamu. Nolvia aliona huruma katika uso ule, na huenda ilikuwepo. Aliinamia karatasi.

"Weka kalamu chini!"

Ukumbi mzima uligeuka. Pearline alikuwa anakuja kati ya watu, koti la kanisani wazi, anahema.

"Shoga, weka kalamu chini. Unatia sahihi kitu ulichosomewa na nani?"

"Na huyu bwana."

"Huyu bwana ni wa nani?"

"Wa mwenye nyumba."

"Umejijibu."

Wakili aliinua miwani yake. "Mama, wewe ni nani katika kesi hii?"

"Jirani wa chini."

"Si wakili?"

"Ningekuwa wakili, saa hizi ungeshakimbia."

Watu kwenye benchi walicheka. Wakili alichukua kalamu yake, akasema kwamba Bi Guity ana hiari, akaenda kuita jina jingine. Hakuwa amevunja sheria. Alikuwa anafanya kazi yake, na kazi yake ilikuwa ya mwenye nyumba.

Pearline alijibwaga kwenye benchi. "Kinu unanipigia kila Jumamosi, kesi unanificha. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ili jengo zima lijue?"

"Ndiyo! Jengo zima ndilo lingekwambia uombe wakili."

"Kwa pesa gani, Pearline?"

"Nani kataja pesa? Nisikilize. Mtu akishtakiwa kwa wizi na hana uwezo, anapewa wakili bure. Hiyo ni kesi ya jinai, hata sinema zinajua. Hii ya nyumba ni kesi ya madai. Zamani katika kesi ya madai ulijitetea mwenyewe. Mwenye nyumba anakuja na wakili, wewe unakuja na mkoba. Jiji hili likapitisha sheria. Mpangaji anayeshtakiwa ili atolewe nyumbani, akiwa na kipato kidogo, anapewa wakili wa kumtetea. Haikuletwa na upepo, shoga. Wapangaji tuliipigania. Mimi nilibeba bango mpaka koo likakauka."

"Mimi si mpangaji. Jina langu halimo."

"Hilo atasema wakili, si wewe."

Nolvia alisita. Akapunguza sauti. "Wataniuliza karatasi za uhamiaji? Jamaa wengine waliopita pale nyumbani hawana."

"Hawaulizi. Wakili unapewa uwe nazo usiwe nazo."

"Na huyo wakili wa bure... si ndiye anayejifunzia kwetu?"

"Nami niliwahi kupewa. Wangu alikuwa na mafua siku nzima. Alipiga chafya mbele ya jaji, akashinda."

Jina la Guity likaitwa tena, safari hii na karani. Nolvia aliingia mbele ya jaji akiwa amepanga hotuba ndefu kichwani. Alipanga kumtaja bibi, theluji, shule ya Keilin. Jaji akamtazama.

"Bi Guity, uko tayari kuendelea leo?"

Hotuba yote ikapotea. Likabaki neno moja. "Mheshimiwa, naomba wakili. Sina uwezo wa kumlipa."

Jaji hakushangaa. Aliahirisha kesi, akamwelekeza kwenye chumba walipokaa mawakili wa wapangaji, katika jengo lile lile. Nolvia alitoka akimtazama Pearline.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu. Lakini usipofungua mdomo, ukitia sahihi kwanza, kuirudisha ni kazi nzito."

Wakili aliyepewa aliitwa Priscilla Yoon. Alikuwa kijana, nywele zimefungwa kwa penseli, meza imejaa mafaili na makombo ya biskuti. Alimuuliza Nolvia kipato chake, akaandika. Kisha akauliza, "Ulikaa katika fleti ile kwa muda gani?"

"Mimi nilikuwa mgeni tu," Nolvia alisema.

Yoon aliacha kuandika. "Mtoto anasoma shule ya wapi?"

"Hapo mtaani."

"Nguo zenu ziko wapi?"

"Kabatini."

"Kabati la nani?"

"Langu."

"Bi Guity, mimi si mtu wa mwenye nyumba. Ni wakili wako. Unayoniambia humu hayatoki bila ruhusa yako. Ukinidanganya mimi, nitakwenda mbele ya jaji nikiwa nimefunikwa macho. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Nolvia alieleza yote: macho ya bibi, magodoro ya sebuleni, kanuni ya nyumba. Alipofika kwenye kanuni, Yoon alicheka kidogo, si kwa dharau.

"Na sheria ilimruhusu bibi yako kukaa na mjukuu wake waziwazi. Mlikuwa mnaficha kitu ambacho hakina kosa."

"Usiniambie."

"Nakwambia. Tena katika nyumba za kodi iliyodhibitiwa, mjukuu aliyeishi na bibi yake miaka miwili ya mwisho kabla bibi hajafariki ana haki ya kubaki. Mkataba unapaswa kuja kwa jina lake. Wewe umekaa zaidi ya hapo. Kazi yetu ni kuthibitisha."

"Basi tumeshinda."

"Bado. Besnik atakuja kusema ulimwambia wewe ni mgeni."

"Nitakana. Nitasema sikuwahi."

"Hapana," Yoon alisema. "Utasema ulisema. Na utasema kwa nini. Uongo wa mlangoni mahakama inaweza kuuelewa. Uongo wa kizimbani unazamisha kesi."

Kazi ikaanza. Yoon alimtuma akalete chochote chenye jina lake na anwani ile. Shule ilitoa barua. Kliniki ikatoa, mwajiri akatoa. Alitaka pia watu waliomwona akiishi pale. Hapo Nolvia hakuhangaika. Pearline alizunguka mlango kwa mlango, na kufikia jioni shida ilikuwa kuwapunguza. Mama wa ghorofa ya pili alitaka kutoa ushahidi hata wa mambo ya mumewe.

Siku ya kusikilizwa, upande wa mwenye nyumba ulimwita Besnik kwanza. Alikaa kizimbani na kofia magotini. Wakili wa suti ya kijivu alimuuliza kama Bi Guity aliwahi kusema yeye ni mgeni.

"Ndiyo. Mara nyingi."

Wakili aliketi, ameridhika. Yoon akasimama.

"Bwana Besnik, alikuambia hivyo kwa muda gani?"

"Miaka."

"Mingapi?"

Besnik alifikiri. "Niliweka sinki jipya mtoto akiwa hana meno. Sasa ana meno, na ananibishia."

"Ulipopanda, nani alikufungulia mlango?"

"Yeye."

"Wakati gani wa siku?"

"Asubuhi, jioni. Hata Krismasi, bomba lilipopasuka."

"Ulimwamini alipokuambia ni mgeni?"

Wakili wa mwenye nyumba alipinga swali. Jaji alisema shahidi ajibu. Besnik alimtazama wakili yule, akatazama kofia yake. Mwajiri wake alikuwa amekaa mstari wa mbele.

"Hapana," alisema.

"Mbona hukumwambia mwenye nyumba?"

"Hakuniuliza kama namwamini. Aliniuliza alisema nini."

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu jembe alikuwa amelishika miaka, na chumba kizima sasa kilikuwa kimesikia.

Pearline alifuata. Aliulizwa anajuaje kwamba Bi Guity aliishi pale.

"Kinu, Mheshimiwa. Kila Jumamosi, juu ya kichwa changu. Angekuwa mgeni, ningeshapumzika."

Jaji alimkumbusha ajibu kwa ufupi. Pearline alijitahidi. Hakuweza.

Mwisho akasimama Nolvia. Wakili wa suti ya kijivu alimkaribia kwa upole ule ule wa ukumbini.

"Bi Guity, umesikia shahidi. Ulimwambia wewe ni mgeni. Ilikuwa kweli?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulidanganya."

Nolvia alitazama upande wa Yoon. Yoon hakutikisa kichwa wala kukonyeza. Neno lilikuwa la Nolvia.

"Ndiyo, nilidanganya. Bibi alitufundisha hivyo, naye alifundishwa na woga. Tulidhani tukisema tunakaa pale, tutamponza. Nilifanya makosa. Lakini kila usiku nililala pale. Nilimwogesha pale. Alifia mikononi mwangu pale. Mgeni hafanyi hayo."

Wakili alisema hana swali zaidi.

Hukumu haikutoka siku ile. Nolvia alirudi kazini, akaendelea kuwaogesha wagonjwa wa watu, akiruka kila simu ilipolia. Siku Yoon alipopiga, Nolvia alikuwa ndani ya basi, kichwa kikiwa kwenye kioo.

"Jaji amekubali. Uliishi pale, na haki ya bibi yako imekuja kwako. Wanatakiwa wakupe mkataba."

Nolvia alianza kulia. Mama mmoja kwenye kiti cha pili alimpa karatasi ya kupangusia macho bila kuuliza.

Mkataba ulipokuja, hakuutia sahihi mlangoni. Aliupeleka kwa Yoon, wakausoma pamoja, kila ukurasa, ndipo akaandika jina lake. Yoon alimwonya asidhani mambo ni hivyo kila mahali. Miji mingi ya nchi ile bado haitoi wakili katika kesi za nyumba, na katika kesi nyingine za madai mtu hujitetea mwenyewe hata katika jiji lile. Ndiyo maana mtu huuliza. Kuuliza hakuna gharama, na huulizwa kabla ya sahihi, si baada yake.

Habari hiyo Nolvia hakuificha kabatini. Aliwasimulia wote waliokuja Jumamosi, na Pearline akawasimulia wasiokuja. Tangu hapo, mtu wa jengo lile akipata wito, hakai nao kimya. Anapiga simu 311, namba ya jiji, anasema ni mpangaji na anahitaji wakili. Asiyejua kusema anasindikizwa na Pearline, apende asipende.

Nolvia mwenyewe, siku ile ile ya mkataba, alimpigia simu Besnik.

"Besnik, hita ya chumbani haitoi joto."

"Tangu lini?"

"Tangu Keilin anatambaa."

"Miaka yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Sasa nasema," Nolvia alisema. "Njoo na vyombo vyako. Nitakuwepo."